Uzi maalumu kwa wenye magari ya porini Tanga: chumvi, vumbi, na namna ya kulinda viti, sakafu na vifaa vyako

Mkonga wa Pwani

Wakuu, salaam.

Nyuzi za magari humu zimejaa ubishi wa injini. Injini ya 1HZ ya Toyota inadumu, ile nyingine haidumu, Defender anapanda, Land Cruiser anamvuta. Raha ya ubishi naijua na mimi huwa sibaki nyuma. Ila kwa sisi tunaokaa Tanga, injini sio inayomaliza gari. Zunguka gereji za Ngamiani ujionee: Land Cruiser mkonga (zile za muundo wa 70, zenye bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni) zimeegeshwa, ukipiga stata zinawaka palepale, lakini sakafu imetoboka unaona ardhi, sponji ya kiti cha dereva imebaki unga, winchi (ile mashine ya kujivuta ukikwama) haizunguki, mlango wa nyuma umefungwa kwa waya. Gari limekufa na injini bado nzima.

Kwa hiyo naleta uzi wa hivyo vinavyosahaulika. Kazi yangu ni kuendesha wageni na watafiti, njia zangu ni Saadani, Amani, Mkomazi na vijiji vya Mkinga. Mimi si mhandisi. Mafundi mkiona nimepinda, ninyoosheni.

Chumvi

Wengi wanaamini chumvi inadhuru gari likiwa limelowa tu. Umepita ufukweni, gari limekauka, basi salama. Sivyo. Chumvi ya kawaida ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hivi, inajivutia maji yenyewe mpaka inakuwa majimaji. Na chumvi ya bahari haina sodiamu kloridi peke yake, imo na magnesi kloridi, ambayo inavuta maji hata hewa ikiwa kwenye asilimia 33. Sasa niambie ni usiku gani Tanga hewa inakuwa kavu kiasi hicho. Maana yake ile chembe iliyojificha kwenye mshono wa sakafu inalowa usiku, inakauka mchana, inalowa tena. Kutu inakula mwaka mzima hata kama gari limelala Chumbageni na halijaona bahari tangu Idi.

Ndiyo maana kukausha hakutoshi. Chumvi itolewe, na haitoki kwa kitambaa, inatoka kwa maji matamu mengi. Na itoke siku hiyohiyo, sio Jumamosi ijayo.

Mimi naanza chini. Natupa mpira wa maji uvunguni, ule wa kumwagilia bustani wenye matundu, naufungulia na kuuacha wakati mimi nashusha mizigo. Kisha nauchukua kwa mkono: ndani ya chesi kupitia yale matundu yake, juu ya tanki la mafuta, nyuma ya bampa, ndani ya madigadi juu ya matairi. Sehemu hizo tope linakaa kama rafu ya kabati na hakuna anayeliona. Mashine ya presha naiheshimu lakini sio kila mahali. Ukiielekeza kwenye sili za beringi za magurudumu, alteneta au soketi za waya, unasukuma ndani kile ulichokuja kukitoa.

Kuna kitu kimoja watu hawakigusi: matundu madogo chini ya milango. Mlango wa gari si debe lililozibwa. Maji yanaingia juu kwenye raba ya kioo na kutokea chini. Tope likiziba yale matundu, maji yanabaki humo. Baada ya kuosha, utikise mlango. Ukisikia maji yanacheza, chukua njiti uzibue. Mkonga nyingi zimeoza milango kwa sababu hiyo tu.

Saadani nayo ina mambo yake. Ile ni hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi, ilipata hadhi hiyo mwaka 2005, na kwa siku moja inakupa upepo wa chumvi asubuhi na udongo mweusi wa mfinyanzi mchana. Udongo ule ukikauka kwenye chesi haupukutiki. Unashika pale, na kila usiku unatunza unyevu. Uutoe ungali laini.

Sakafu na kapeti

Kapeti la kiwandani lina manyoya juu na tabaka la felti chini. Juu linakauka kwa jua la saa mbili, felti haikauki wiki nzima. Unakanyaga unaona pakavu, chini kunachemka. Sisi wa mkonga tuna lile zulia la plastiki ngumu, tunajisifu kwamba linaoshwa kwa mpira wa maji. Ni kweli linaoshwa, ila maji yanapita pembeni, yanaingia chini yake na kukaa. Kwa hiyo lolote ulilonalo, linyanyue. Fungua bolti za viti vya mbele, toa kapeti, ondoa mchanga, angalia vile vizibo vya mpira vya sakafuni kama vipo na vimebana. Palipoanza kutu piga msasa, piga rangi ya kuzuia kutu, kisha ndio urudishe. Mara moja baada ya masika inatosha kwa gari linalotembea kawaida.

Kama gari ni la kazi tupu, mimi ningetoa kapeti moja kwa moja na kuweka mati za mpira mzito zenye kingo, za kunyanyuliwa na kumwagwa. Kelele zitaongezeka. Utazoea.

Na wanaobeba samaki kutoka soko la Deep Sea au Sahare, hapa nisikilizeni kwa makini. Maji yanayotoka kwenye deli la samaki ni barafu iliyoyeyuka, chumvi, damu na magamba. Yakimwagika kwenye sakafu ya nyuma yanatafuta mshono. Deli liwe na kizibo kinachobana, likae ndani ya trei ya plastiki yenye kingo ndefu kuliko unavyodhani unahitaji, na trei ifungwe isitembee. Harufu ndiyo italalamikiwa na mama watoto, lakini aliyeumia zaidi ni chuma.

Vumbi

Kwa nini vumbi linaingia kwa nyuma wakati unakwenda mbele? Gari likienda, hewa nyuma yake inapungua msukumo, na lile vumbi lililotimuliwa na matairi linavutwa kurudi kwenye mlango wa nyuma. Ukifungua vioo vya pembeni ndio umemaliza kazi: hewa ya ndani inatoka kwa vioo, na inayokuja kuziba nafasi inapitia nyuma na vumbi lake.

Dawa ni kufunga vioo vyote, kuwasha feni na kuiweka ivute hewa ya nje. Ndani kunakuwa na msukumo mdogo wa kwenda nje, vumbi linakosa njia. Ukiwa nyuma ya trekta la mkonge au lori, geuza kwa muda ivute hewa ya ndani, au achia nafasi mpaka vumbi lake litulie. Kaskazi ikikaza, Januari na Februari, barabara ya Maramba utanikumbuka.

Kupima raba za milango hakuna haja ya fundi. Weka kipande cha karatasi, funga mlango juu yake, kivute. Kikitoka bila kukataa, hapo hapabani. Zungusha mlango mzima hivyo. Lakini kabla hujakimbilia kununua raba mpya, mwambie fundi bodi aangalie bawaba na komeo. Mlango ulioshuka hata ukiuwekea raba ya dhahabu hautabana. Raba yenyewe ioshwe kwa sabuni ya kawaida, ikikauka ipakwe grisi ya silikoni au hata poda ya mtoto. Usiipake grisi ya magurudumu wala oili ya injini, itavimba na kulegea.

Eya klina sina haja ya kueleza, kila mtu anajua kuipiga upepo. Ila ipigwe kutoka ndani kwenda nje, na kwa upepo mdogo. Vijana wa kujaza upepo wanaipiga kwa nguvu zote mpaka karatasi inatoboka, halafu injini inakula vumbi bila kizuizi.

Viti na dashibodi

Kava za viti nina msimamo: turubai nzito, mchanganyiko wa pamba na polista, lishonwe lifunguke kwa zipu au kwa kamba ili ulivue na kulifua. Rekzini ni rahisi na inapendeza siku ya kwanza, lakini kwa joto letu unakaa kwenye jasho lako, na maji yakipenya kwenye mshono hayana pa kutokea. Unavua kava baada ya mwaka, unakuta kiti kimeota kuvu.

Dashibodi inapasuliwa na jua. Egesha kivulini, ikishindikana tandaza kanga iliyochakaa juu yake. Hugharimii kitu, na kanga nyumbani hazikosekani. Yale mafuta ya kung'arisha yanayoacha dashibodi inateleza nashauri myaache. Yanashika vumbi, na mng'aro wake unapiga kwenye kioo cha mbele unapoendesha mchana.

Vifaa vya uokoaji nitaviweka kwenye posti ya pili, vidole vimechoka.

Kijana wa Makorora

Nimeweka mkeka hapa. Endelea mkuu.

Bi Ushongo

Shukrani sana kaka. Sisi tuna Prado, watoto kila Jumapili wanaogelea, wakitoka wanapanda na nguo mbichi hata uwaambie nini. Nimejaribu kutandika mataulo, hayasaidii. Kiti cha nyuma kina harufu na sasa taa ya airbag, ule mfuko wa hewa wa kukinga ajalini, inawaka kwenye dashibodi. Vinahusiana au ni mambo mawili tofauti?

Mkonga wa Pwani

Dada, yanaweza kuwa jambo moja. Chini ya viti vya mbele vya magari ya sasa kuna soketi za waya, za airbag kwa kawaida ni za njano. Maji ya chumvi yakitiririka kwenye reli za kiti yanafika pale, pini zinaota ukijani na taa inawaka. Mpeleke fundi umeme anayezifahamu, kwanza achomoe betri na asubiri dakika kadhaa kabla ya kuzigusa. Usimruhusu mtu anayekuja na taa ya kujaribia waya akaanza kuchokonoa soketi za airbag, ni hatari.

Taulo linalowa tu, halizuii maji. Tafuta turubai la plastiki au kava lenye mgongo wa mpira, liwe la Jumapili tu, mkifika nyumbani litolewe. Dumu la lita 20 la maji matamu liwe nyuma, watoto wajimwagie kabla ya kupanda. Miguu hasa, mchanga ndio unaokata nyuzi za kapeti.

Kiti kilichokwishakunywa chumvi kinatolewa nje, kinamwagiwa maji matamu mpaka kitoe maji safi, kinakaushwa juani siku mbili tatu na kugeuzwa. Shampuu ya juujuu inaficha harufu tu, chumvi inabaki kwenye sponji.

Fundi Bodi Ngamiani

Mkonga umeongea vizuri. Naongeza ya bodi. Mkonga za 70 zinaoza kwanza sehemu mbili ambazo mwenye gari haoni: chini ya raba ya kioo cha mbele na kwenye mfereji wa paa. Raba ya kioo ikikauka na kupasuka, maji yanakaa kwenye fremu. Siku unabadilisha kioo ndio unakuta fremu imekuwa wavu. Mkitoa kioo kwa sababu yoyote, msirudishe bila kuangalia chuma chini yake.

Defender za zamani nazo zina yao. Bodi ni aluminiamu, fremu na chesi ni chuma. Hizo metali mbili zikigusana na maji ya chumvi katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Mkiona rangi inavimba pembezoni mwa milango na ukikwaruza unatoka unga mweupe, msinilaumu kwamba rangi yangu mbovu. Kila unapofunga bolti ya chuma kwenye bodi ya aluminiamu, weka washa ya plastiki au silikoni katikati.

Dereva Mstaafu

Nyie vijana mnapenda kutumia hela. Sisi tuliendesha Land Rover za mashamba ya mkonge miaka na miaka, kila mwisho wa mwezi tunapuliza oili chafu uvunguni, biashara imekwisha. Kutu tulikuwa hatuijui.

Fundi Bodi Ngamiani

Mzee wangu shikamoo. Sibishani na uzoefu wako, oili inazuia maji kweli. Shida ni mbili. Bushi na raba za chini zinavimba na kulainika, na kwenye gari la sasa raba hizo ni nyingi kuliko za Land Rover ya shamba. Halafu oili inashika vumbi, vumbi linajenga tabaka, na tabaka likishikwa na chumvi linakuwa kapeti lingine uvunguni. Oili inadondoka na ardhini, tunakunywa visima vyetu wenyewe.

Mimi naosha, nakausha siku nzima, napulizia nta ya ndani ya chesi kwa mpira mrefu, kisha andakoti, ile rangi nzito ya kufunika uvungu, kwenye madigadi pekee. Andakoti ikipigwa juu ya kutu au juu ya chumvi inafungia adui ndani ya nyumba. Nimebandua andakoti nyingi mjini hapa, chini yake chuma kinabanduka nayo.

Dereva Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye bushi umenipata. Lakini za zamani zilikuwa hazina makuu.

Mnyonge wa Sahare

Mimi naosha gari kila wiki, chini na juu, nyumbani kwangu. Bado kutu inatoka kwenye bawaba na chini ya betri. Sasa huo uzi wa kuosha umenisaidia nini?

Mkonga wa Pwani

Unaosha kwa maji gani?

Mnyonge wa Sahare

Ya kisima. Bomba lina siku zake.

Mkonga wa Pwani

Yaonje mkuu. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi, ukioshea gari unalipaka chumvi mpya kila wiki na kulisubiri likauke. Osha tope kwa kisima ukitaka, lakini maji ya mwisho ya kusuuza yawe ya bomba au ya mvua. Ya bomba letu yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ni matamu. Siku yakitoka, jaza pipa moja la gari.

Chini ya betri ni habari nyingine, ile ni asidi. Toa betri, mwagia magadi yaliyokorogwa na maji vuguvugu kwenye sahani yake, yatachemka, suuza, kausha, piga rangi. Maji ya magadi yasiingie ndani ya betri kwenye vifuniko. Matamino ukishayakaza yapake Vaselini.

Mnyonge wa Sahare

Nimeonja. Wallahi yana chumvi. Nilikuwa nadhani ndio ladha ya kisima.

Mkonga wa Pwani

Hahaha. Pole mkuu.

Haya, vifaa kama nilivyoahidi.

Winchi ya waya wa chuma: waya unaoza kutoka ndani, nje unaona unang'aa. Baada ya kuitumia kwenye maji ya chumvi au tope, vuta waya wote nje, uoshe kwa maji matamu, uache ukauke, pitisha kitambaa chenye oili kidogo, kisha uurudishe ukiwa na mzigo, yaani gari lingine au lako lenyewe kwenye mteremko mdogo. Waya uliorudishwa ukiwa umelegea unajichimbia kwenye mizunguko ya chini na kujikata. Vaa glovu za ngozi, nyuzi zilizokatika zinachana kiganja. Na hata kama hujakwama, izungushe winchi mara kwa mara. Motor inayokaa bila kazi kwenye hewa ya bahari inashika.

Kamba za sintetiki, zile za familia ya Dyneema, hazioti kutu na zikikatika hazirushi hatari kubwa kama waya. Lakini zina maadui watatu: jua, mchanga na moto. Jua linazichosha, kwa hiyo zifunikwe kwa kava. Mchanga ukiingia katikati ya nyuzi unazisaga kila unapovuta, kwa hiyo ziloweke kwenye ndoo ya maji matamu na uzikamue kwa mkono, usitumie presha. Moto nao upo kwenye ngoma yenyewe, pale kamba inapojizungushia: winchi nyingi breki yake iko ndani ya ngoma, ukishusha gari mteremkoni kwa winchi ngoma inachemka, na nyuzi hizo zinayeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, nguvu zinaanza kupungua mapema zaidi.

Mkanda wa kuvutia gari wa nailoni unavutika, ndio uzuri wake. Ukilowa unapoteza nguvu kiasi cha asilimia 10 hadi 15, ukikauka unarudi. Kwa hiyo usiukunje mbichi na kuusokomeza chini ya kiti. Uoshe, uutundike kivulini. Ukiona nyuzi za pembeni zimekatwa au rangi imepauka sana, ufanye wa kufungia mizigo. Kamba ya katani ni fahari ya mkoa wetu, inafunga magunia vizuri kabisa, ila kuvutia gari lililozama, hapana.

Jeki ya Hi-Lift watu wanaifunga nje, mbele ya bampa au juu ya keria, kwa sababu picha inatoka vizuri. Pini zake ndogo za kupandia zinajaa vumbi na chumvi, siku unayoihitaji haipandi, au mbaya zaidi haishuki. Kama haina pa kukaa ndani, ivalishe mfuko wa turubai kwenye ile sehemu ya mashine. Isafishe kwa brashi, ipake mafuta mepesi, ipandishe na kuishusha bila mzigo. WD-40 inatoa maji na kulegeza kutu, lakini haikai. Ukishaitumia fuata na mafuta yenyewe.

Zile pete za chuma zenye umbo la D, chomoa pini zake kila baada ya safari, zipake grisi, usizikaze mpaka mwisho. Zikikaza na kutu utazikata na gesi.

Tairi ya spea angalia umri wake. Pembeni kuna mfululizo wa herufi na namba, soma tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea za kwenye keria zinazeeka kwa jua bila kutembea hata kilomita moja. Zile zinazoning'inia uvunguni kwa mnyororo, mnyororo wenyewe unaganda. Ushushe na kuupandisha kila unapobadilisha oili.

Hema la juu ya keria likifungwa bichi, kesho yake lina kuvu. Hata kama mvua ya Amani imekufukuza asubuhi, ukifika nyumbani lifungue.

Machungwa Express

Mimi nabeba machungwa Muheza hadi mjini kwa hardtop, msimu ukiwa mkubwa yanajaa mpaka kiti cha abiria. Yanayopondeka yanaacha unatanata na rangi ya sakafu inababuka. Wakati mwingine nabeba miche na majani ya mkonge kwa wateja. Nifanyeje?

Mkonga wa Pwani

Vyote viwili ni asidi mkuu. Ya machungwa unaijua mdomoni, na utomvu wa mkonge nao ni wa asidi, unawasha ngozi na kula chuma. Tandika turubai zito linalopanda ubavuni mpaka chini ya vioo, mzigo usiguse bodi kabisa. Ukishusha, liondoe turubai lioshwe peke yake, na sakafu ipigwe maji ya sabuni siku ileile. Machungwa yawe kwenye matenga au kreti, sio kumwagwa. Yanayopondeka ni yale ya chini yaliyobeba wenzake.

Kaole Road

Salaam kutoka Bagamoyo, matatizo ni haya haya. Naongezea kitu kwenye mizigo. Viboksi na droo vinavyotikisika vinakula rangi na kutoboa bodi kuliko watu wanavyodhani. Mimi chini ya kila boksi naweka kipande cha mpira wa tyubu ya lori, na mikanda ya kufungia naipitishia humohumo pale inapogusa kona. Madumu ya dizeli hayakai ndani ya gari hata kidogo, hata tupu. Harufu ikishaingia kwenye viti haitoki.

Mkonga wa Pwani

Tyubu ya lori nakubali kwa mikono miwili. Ila na yenyewe inyanyue mara mojamoja, mchanga ukikaa chini yake unakuwa msasa.

Bi Ushongo

Kaka narudi. Fundi umeme amesafisha soketi, taa imezimika, asante. Sasa nataka kava za turubai. Fundi mmoja amenipimia, anataka kushona kiti chote mpaka pembeni kifunikwe kisionekane. Niendelee naye?

Mkonga wa Pwani

Bado usimpe hela. Angalia ubavu wa nje wa viti vya mbele. Kama kuna kalebo kameandikwa AIRBAG, basi mfuko unatokea hapo, na turubai lililoshonwa kwa uzi mgumu litauzuia. Upande huo uachwe wazi kabisa, au ushonwe kwa uzi dhaifu maalumu, na kwa huyo fundi wetu wa mtaani mimi ningechagua kuuacha wazi. Viti vya nyuma afunike anavyotaka, mradi vifungio vya mikanda vitokeze juu.

Mwambie pia atumie uzi wa polista, wa pamba unaoza mapema kwa unyevu. Na kila kava liwe na kitanzi nyuma cha kulitundikia likikauka.

Bi Ushongo

Kalebo kapo, viti vyote viwili vya mbele. Namrudisha fundi aje apime upya Jumatano.

Mkonga wa Pwani

Sawa dada. Siku akija viti viwe vimekauka mpaka ndani, bonyeza sponji kwa ngumi. Ikitoa unyevu, ahirisha.